Kipimo Kisicho na Mlio

Igogo, Mwanza
4 Machi 2024

Mwanangu Akelo,

Marahaba kabla hujanisalimu, maana najua utasahau ukishaona hii ni barua. Ndiyo, barua, ya karatasi na kalamu. Chenge wa basi ndiye atakayekuletea. Nimemwambia asiikunje zaidi, mikunjo yangu inatosha.

Mimi ni mzima. Mgonjwa ni simu. Iliniponyoka Kirumba nilipokwenda kununua sato, ikaingia majini, na tangu siku hiyo inawaka taa tu. Kwa hiyo usijisumbue kupiga. Niandikie. Barua ina adabu, inakusubiri mpaka ukae.

Kilichonifanya nikuandikie ni kazi. Unamkumbuka Ngosha, yule mnene wa duka la vyuma, anayecheka kabla ya kusema? Amenunua Corolla ya zamani, akaiwekea injini nyingine yenye kabureta mbili, na anataka kwenda nayo kwenye mbio za vumbi mwanzoni mwa mwezi wa tano. Ameniletea mimi, hakuwapelekea wale wenye gereji za sakafu ya vigae kule mjini. Ameandika kwa chaki kwenye kioo cha mbele: YA MZEE SIKIO. Jina langu hilo nimeliacha hivyo hivyo, watu wapitao wasome.

Sasa nataka kile kipimo mnachotumia huko Dar, kinachochomekwa kwenye ekzosi kikakuambia kwa namba injini inachanganya hewa kiasi gani na mafuta kiasi gani. Usinicheke. Nakumbuka vizuri nilivyokuwa nikikuambia kwamba fundi anayehitaji namba ni sawa na mpishi anayehitaji kuambiwa chumvi imezidi. Maneno yangu nayala mwenyewe, na njaa inayafanya yawe matamu. Ngosha akikanyaga na mchanganyiko ukawa mwepesi, hewa nyingi mafuta kidogo, pistoni zitayeyuka na jina langu litayeyuka nazo. Sina kingine cha kuwaletea watu hapa gereji, Akelo. Nina hilo jina tu.

Nyumba ipo. Tangu mama yako atutoke watu wameacha kuja. Zamani Jumamosi akina mama wa kanisani walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mawe huko nje. Sasa hata Evelina wa jirani hakanyagi. Nadhani walikuwa wanamfuata Justa, mimi walinikuta tu humo ndani. Redio nimempa mlinzi wa kule chini, ilikuwa inakula betri bure. Jioni nakaa naangalia ziwa, likigeuka rangi naingia kulala.

Nichagulie kipimo kizuri. Wewe ndiye fundi wa namba.

Baba yako,
Zadok Odoyo


Tabata, Dar es Salaam
11 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Umeona? Sikusahau.

Barua yako niliisoma nimesimama pale pale aliponikabidhi Chenge, nikaisoma tena nyumbani. Nilifurahi sana, halafu nikakasirika. Simu gani hiyo iliyozama? Mimi nakupigia tangu niliporudi Dar baada ya msiba wa mama mwaka juzi, na kila siku inaita mpaka inakata. Simu iliyozama haiiti, Baba. Hata meseji hunijibu. Lakini sawa, kama ni barua unazotaka, nitaandika. Jibu ulilonipa asubuhi ile nilipokuwa naondoka nilishalipokea. Sijawahi kulilalamikia, na sitaki uendelee kunikwepa kwa ajili yake.

Tuje kwenye kipimo. Magari mengi ya siku hizi huzaliwa na sensa ya oksijeni, lakini ile inajua ndiyo na hapana tu: mafuta yamezidi, au yamepungua. Haijui kwa kiasi gani. Wewe unataka ile pana, inayosoma kuanzia kumi mpaka ishirini. Kumi na nne nukta saba ndiyo kawaida, yaani hewa kumi na nne na ushei kwa mafuta moja. Ukikanyaga mpaka mwisho unataka ishuke iwe kumi na tatu hivi, hata kumi na mbili na nusu. Ikipanda kumi na tano huku umekanyaga, toa mguu haraka.

Nimezunguka madukani Jumamosi nzima. Kuna za bei poa zenye sensa ya kizazi cha zamani, lakini hizo kila baada ya muda lazima uichomoe sensa, uining'inize kwenye hewa safi ijipime upya. Wewe una subira na injini, lakini kwa vifaa huna subira. Hiyo hapana. Kuna zenye kisanduku chake pembeni zinazotaka kompyuta, nawe kompyuta yako ni ile meza yenye grisi. Halafu kuna feki, hizo ndizo zimejaa, zinafanana na halisi mpaka herufi za kwenye boksi. Zinafanya kazi wiki chache, kisha zinaanza kukupa namba za kukufurahisha.

Mwisho nimepata mbili za kweli. Sensa ni ileile ya Kijerumani, kizazi kipya, na akili yote iko ndani ya geji, ile ya kusomea namba. Moja ina mlio. Mchanganyiko ukiwa mwepesi inapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Nyingine haina mlio, ina mduara wa taa unaobadilika rangi. Chukua yenye mlio, Baba. Mafundi wote hapa wanachukua hiyo, macho yabaki barabarani na sikio lifanye kazi. Na sikio ndilo mali yako.

Mimi nipo. Gereji wananiita dada wa laptopu. Kazi ni nyingi, watu ni wengi, na hakuna hata mmoja anayejua natokea wapi. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Kuna wikiendi inapita sijasema neno na mtu, na Jumatatu nikisalimia sauti inatoka imekauka. Nakuambia kwa sababu hii ni barua. Kwenye simu nisingesema.

Niambie nichukue ipi.

Binti yako,
Akelo


Igogo
19 Machi 2024

Mwanangu,

Yenye mlio sitaki. Nimeishi na kelele za injini tangu sijaota ndevu, leo uniletee mbuzi ndani ya gari? Tena fikiri mwenyewe: Ngosha yuko mbioni, injini inanguruma, mawe yanapiga bodi, huo mlio atausikia nani? Niletee yenye taa. Namba ziwe kubwa, zisomeke hata nikiwa nimesimama nje ya gari. Na uniandikie kila rangi maana yake nini.

Mafundi wa huko wachukue yenye mlio, wao bado wanajifunza.

Kuhusu simu, labda iliita humo humo majini. Samaki hawajui kupokea.

Na kuhusu lile jibu la asubuhi ile, usiliweke moyoni. Wewe ulisema uliyosema, mimi nikasema niliyosema, yamepita. Mtu akiwa safarini husema mengi. Mimi hata nusu yake sikumbuki.

Umeniandikia habari ya wikiendi zako na ule ukuta wa jirani. Hiyo imeniuma. Hapa kwetu dirisha linatazama ziwa lote, lakini naona mambo ni yale yale. Jana nilipika ugali wa watu wawili, mkono ulizoea. Uliobaki nimeula leo asubuhi na uji.

Injini ya Ngosha nimeifungua na kuifunga. Ni nzuri. Ina nguvu kuliko akili ya mwenyewe.

Baba yako,
Zadok


Tabata
27 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Kipimo ndicho hiki, chenye taa, kama ulivyoagiza. Nimekijaribu kwenye gari la mteja kabla ya kukifunga na kinasoma sawasawa. Kwa hiyo kikikuambia kitu, kiamini.

Chomelea nati kwenye bomba la ekzosi, baada ya yale mabomba manne kukutana, kama urefu wa mkono wako kutoka kwenye injini. Ikiwa karibu mno moto utaiua. Usiichomeke kwa chini. Ielekeze juu, kama mshale wa saa nne au wa saa nane, ili maji ya mvuke yasiidondokee. Usiwashe injini sensa ikiwa imechomekwa na haina umeme, masizi yataiziba. Kijani ni salama. Bluu ni mafuta yamezidi. Nyekundu ni hewa imezidi, hiyo ndiyo ya kuogopa.

Hukumbuki hata nusu yake. Sawa, Baba. Mimi nakumbuka yote. Hayakuwa mengi.

Evelina alinipigia juzi. Nilimuuliza kwa nini hakutembelei, akanishangaa. Anasema wamekuja mpaka wamechoka. Jumamosi kwa Jumamosi wanapanda na maandazi yao, wanakuta viatu vyako mlangoni, na ndani wanaona mtu anapita. Wanabisha hodi mara tatu, hujibu, wanaondoka. Siku moja alikuja peke yake, akasimama mpaka akaona aibu. Wanasema Mzee Odoyo amekuwa na maringo tangu afiwe. Nilikutetea, ingawa sikujua natetea nini. Usiyemwitikia siyo mimi peke yangu, kumbe.

Nilikuwa na mengine ya kusema lakini nimeyaacha. Salimia ziwa.

Akelo


Igogo
8 Aprili 2024

Mwanangu Akelo,

Kipimo chako kinadanganya.

Nimefunga kama ulivyoelekeza, urefu wa mkono, saa nane, umeme kwanza na injini baadaye. Nikawasha. Kumi na saba. Nyekundu mduara mzima. Nikaweka jeti kubwa kwenye kabureta, ziongeze mafuta. Kumi na saba. Nikaweka kubwa zaidi. Kumi na sita na nusu, halafu kumi na saba tena. Nikachomoa plagi nione zenyewe zinasemaje: nyeusi tii, masizi matupu. Ekzosi inatoa moshi unaofukuza hata korongo kwenye jalala. Plagi zinalia mafuta yamezidi, kipimo chako kinalia hewa imezidi. Plagi nimezijua tangu nikiwa kijana. Kipimo nimekijua wiki iliyopita.

Ngosha alipita kuangalia. Alisimama karibu na injini ikiwa inaunguruma, akacheka, akasema kitu huku anainyooshea kidole injini. Nikamjibu kwamba nafahamu, nitashughulikia. Aliniangalia kidogo, akaondoka. Sikuipenda ile namna aliyoniangalia. Mbio zimekaribia na gari lake linanuka kama taa ya mafuta. Nikilitoa hivi, kesho yake Igogo nzima itajua kwamba Mzee Sikio amekwisha.

Je, nimpe Chenge akurudishie? Nijibu upesi.

Kuhusu mambo ya hodi, mwambie Evelina nilikuwa nimelala.

Baba yako,
Zadok


Tabata
14 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Usikirudishe. Kipimo hakidanganyi, kinapima hewa ambayo haikupita kwenye injini. Ekzosi yako inavuja mahali kabla ya sensa, na nadhani ni pale manifodi, yale mabomba manne, inapokutana na kichwa cha injini. Moshi ukipita kwa mapigo, lile pengo linavuta hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kudhani mafuta hayatoshi, nawe unaiongezea injini mafuta isiyoyataka. Badilisha gasketi, rudisha jeti ndogo, anza upya.

Nilitaka kuishia hapo. Nikaandika, "Utasikia tu, inafanya pf, pf, pf," halafu kalamu ikasimama.

Mvujo wa namna hiyo hata mtoto anausikia. Ngosha aliusikia, ndiyo maana alicheka na kunyoosha kidole. Na wewe, Baba, ulikuwa unausikia umekaa ndani unakunywa chai, gari likiwa bado linapanda kule chini. Ulikuwa unamwambia mama, "Anayekuja huyo gasketi yake imekwenda," na mwenye gari akifika anashangaa umejuaje. Ndipo walipokupa lile jina.

Umekataa kipimo chenye mlio. Redio umegawa. Simu inaita hupokei. Watu wanabisha hodi na wewe uko ndani, na sidhani kwamba kila Jumamosi ulikuwa umelala.

Baba, unasikia? Siulizi kwa ukali. Nauliza kama daktari anavyouliza: masikio yako yanasikia?

Na kama hayasikii, ni tangu lini? Hata kama mengine hutaki kunijibu, hilo la mwisho nijibu. Nina sababu yangu, na naogopa kuiandika.

Akelo


Igogo
23 Aprili 2024

Nyara, binti yangu,

Sisikii.

Nimetafuta namna nzuri ya kuliandika neno hilo nikaikosa, nimeona bora nilitangulize. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza. Ndege wa asubuhi walinyamaza, nikadhani wamehama. Halafu kijiko kwenye kikombe, halafu mvua juu ya bati. Mwaka ule mama yako alipoanza kuugua, la kulia lilikuwa linachechemea, na wakati tunamzika kule Shirati sikusikia mahubiri, niliona mdomo wa mchungaji tu. Sasa yote mawili yamefunga. Mtu akisimama mbele yangu na akasema taratibu nasoma midomo. Akigeuka, amekwenda.

Mama yako alijua. Hatukumwambia mtu. Mtu akibisha hodi, mama yako alikuwa ananigusa bega, nami naitikia "Karibu!" kwa sauti kubwa, watu wakasema Mzee Odoyo ni mkarimu kuliko mkewe. Sikujua kwamba alikuwa amebeba kazi yote hiyo mpaka nilipokosa mtu wa kunigusa bega.

Ulipoandika habari za Evelina na wenzake niliketi juu ya lile jiwe la mlangoni. Nilikuwa nimewaweka watu wale moyoni, nikiamini wamenisusa. Kumbe walikuja. Walisimama pale pale nilipokaa, wakaniita mara tatu kama desturi inavyotaka, na mimi niko nyuma ya ukuta nawalaumu. Halafu nikakuandikia kwamba nilikuwa nimelala. Nisamehe hilo.

Simu haikuzama. Iko juu ya meza hii. Ikiwaka naona jina lako, naliangalia mpaka taa inazima. Nilijua nikijibu meseji utapiga hapo hapo, na ukinipigia nitafanya nini? Nilitaka ubaki na baba mwenye kiburi. Nilidhani huyo ni afadhali kuliko baba kiziwi. Mwanamume anaitwa Mzee Sikio, Akelo. Watu wangecheka mpaka wakae chini, na mimi ningekuwa wa kwanza kucheka kama angekuwa ni mwingine.

Injini nimekuwa nikizisikia kwa kiganja. Ukiweka mkono juu ya kifuniko cha valvu, mtikisiko unakuambia mengi, lakini hauwezi kukuambia yote. Mwanzoni mwa mwaka nilimkabidhi mteja mmoja, Pius, gari lake linagonga vyuma, mimi nikitabasamu. Hakurudi tena. Ndipo nikatafuta kalamu.

Mvujo nimeupata. Nilikoroga sabuni ya unga kwenye maji, nikapaka kwa brashi pale manifodi inapokaa, nikawasha injini ikiwa baridi. Mapovu yakachemka kwenye silinda ya tatu. Nimebadilisha gasketi na kurudisha jeti ndogo, nikaendesha mpaka Nyegezi na kurudi. Kijani, Akelo. Kumi na tatu nikikanyaga, kumi na nne na nusu nikitembea polepole. Nililipeleka gari mpaka chini ya kilima chetu, nikasimama pembeni na kuiangalia ile taa muda mrefu. Machozi yalinitoka, sijui ni ya nini hasa. Umenichagulia vizuri.

Sasa zamu yangu kuuliza. Asubuhi ile ulipokuwa unaondoka, nilikuwa nimeinama nafunga begi lako kwa kamba, nimekupa mgongo. Unasema nilikupa jibu. Sikujua kama kulikuwa na swali. Nilipokuandikia kwamba sikumbuki hata nusu yake nilikuwa najificha, maana mtu kama mimi hujifunza kusema sawa, ndiyo, yamepita, kwa lolote asilolisikia. Ulisema nini? Niandikie kama ulivyolisema.

Baba yako,
Zadok


Tabata
30 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Ulikuwa umeinama unafunga begi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimejifunga kanga ya mama. Nilisema hivi:

"Baba, ukisema nibaki, nabaki."

Hayo tu. Ulikaza fundo, ukainuka, ukaangalia saa, ukasema, "Twende, basi litakuacha."

Nililia kutoka Nyegezi mpaka Shinyanga. Mama mmoja wa kiti cha pembeni alinipa karanga zake zote. Tangu siku ile nilijua kwamba hunihitaji. Sikukulaumu, nilisema moyoni kwamba mzee anataka kuomboleza peke yake, ni haki yake. Lakini nimeishi huku kama mtu aliyefukuzwa kwa upole. Kila nilipokupigia nilikuwa natafuta namna ya kuliuliza tena, na kila simu ilipokatika niliona umenijibu vilevile.

Tangu nipate barua yako nafanya kazi za watu vibaya. Jana nilifunga kofia ya injini nikasahau spana ndani. Nilitaka kupanda basi siku hiyo hiyo, halafu nikaona nisije kabla hujalisoma hili. Nataka safari hii ulione.

Akelo


Igogo
13 Mei 2024

Nyara,

Gari la Ngosha limekwenda mbioni na kurudi. Hakushinda, lakini alimaliza, na pistoni zote nne ni nzima. Kabla hajaondoka nilimwambia habari za masikio yangu, nikamwambia kama anataka fundi mwingine sitamchukia. Safari hii hakucheka. Alichukua chaki, akaandika kwenye kioo: TAA NI KIJANI, TUNAKWENDA. Hakulifuta lile jina. Evelina naye nimemwambia. Alilia, kisha akaanza kunipigia kelele sikioni mpaka mate yakanifikia. Watazoea. Hata mimi bado sijazoea.

Mambo hayo mawili nimeyaandika kwanza kwa sababu la tatu ndilo gumu kuliandika.

Sentensi yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Mtoto wangu aliniuliza jambo zito kuliko yote aliyowahi kuniuliza, nami nikamjibu habari za basi. Unajua nilichokuwa nakiwaza nikiwa nimeinama pale? Nilikuwa nakaza lile fundo polepole kwa makusudi, ili ukae dakika mbili zaidi. Nilitamani ubaki, nikaogopa kusema, maana nilidhani huko Dar wanakungoja watu. Hapakuwa na aliyekungoja. Tumepoteza muda mwingi, mwanangu, kila mmoja amejifungia kwake.

Najua sasa una kazi, na swali la mwaka juzi huenda halina mwenyewe tena. Sikulazimishi. Lakini uliuliza, na mimi sijawahi kukujibu. Jibu ni hili:

Baki.

Hata kama ni kwa wiki moja. Hata kama utasema umekuja kuangalia kipimo.

Ukifika usibishe hodi, maana utaita mara tatu kama wengine halafu utaondoka. Mlango wa uani siufungi. Utanikuta nimeinama kwenye kazi, nimekupa mgongo. Ingia tu, uniguse bega.

Baba yako,
Zadok